Moyo Mzito Katika Miezi ya Baridi

Mvua zikikoma katika mwezi wa tano, nchi yetu ya Lubudi inabadilika. Majani yanakauka, moto wa porini unawaka usiku, na vumbi linakaa juu ya kila kitu. Katika mwezi wa sita na wa saba baridi inazidi. Mchana jua ni zuri, lakini usiku baridi yaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na kule juu kwenye nyanda za Biano watu wanaisikia zaidi. Asubuhi kila mtu anatamani kubaki katika blanketi lake.

Katika miezi hii watu wanakuja hospitalini kwa kikohozi, kwa maumivu ya kifua, na watoto wanaletwa walioungua kwa moto. Lakini wako wengine wanaokuja bila homa wala kidonda. Ukiwauliza wanaumwa nini, wanajibu: «Moyo wangu ni mzito tu.» Mafundisho haya ni kwa ajili yao, na kwa ajili ya wale wanaokaa nao katika nyumba moja.

MFANO

Tumfikiri mama mmoja aliyekuja asubuhi kwa muuguzi.

Muuguzi: Jambo, mama. Unaumwa nini?

Mama: Jambo, munganga. Kichwa kinaniuma kila asubuhi, na mwili wote umechoka.

Muuguzi: Usiku unalala?

Mama: Nalala mapema kwa sababu ya baridi. Lakini katikati ya usiku ninaamka, na mawazo yanakuja mpaka jogoo awike.

Muuguzi: Unakula?

Mama: Kidogo tu. Bukari haina ladha kinywani mwangu.

Muuguzi: Na mchana unafanya kazi gani?

Mama: Ninakaa ndani, karibu na mbabula. Ninafunga mlango na dirisha, vumbi na baridi visiingie. Mume wangu yuko Kolwezi kwa kazi. Shamba tumekwisha kuvuna. Hakuna kitu kinachoniita nje.

Muuguzi: Na siku ya Jumapili, mama?

Mama: Majuma matatu sikwenda. Naona haya. Watu watasema nimepungukiwa na imani.

Muuguzi hakumcheka mama huyu, wala hakumwambia, «Huna ugonjwa, rudi nyumbani.» Alimpima damu kuona kama ana malaria. Aliangalia ndani ya kope zake kuona kama damu yake imepungua. Alimwuliza kama ana mimba, kama anakohoa, kama amekonda. Alifanya vema, kwa maana malaria, upungufu wa damu, kifua kikuu, ugonjwa wa sukari na ugonjwa wa tezi ya shingoni vyaweza kumfanya mtu awe mchovu na mwenye huzuni. Yafaa kwanza kutafuta ugonjwa wa mwili. Alipoona kwamba hakuna, alianza kumfundisha.

JE, MOYO MZITO NI UGONJWA?

Kila mtu ana siku za huzuni. Aliyefiwa analia, aliyepoteza kazi ana wasiwasi. Huo si ugonjwa. Siku zinapita, ndugu wanamfariji, na nguvu zinarudi.

Lakini huzuni ikikaa muda wa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, karibu mchana wote, na mtu hafurahii tena mambo aliyoyapenda, hapo imekuwa ugonjwa. Alama zake nyingine ni hizi: usingizi unapotea au unazidi mno, chakula hakipendezi au mtu anakula kupita kiasi, nguvu zinaisha, akili haishiki neno, na mtu anajiona kwamba hafai kitu. Wengine hawasemi habari ya huzuni hata kidogo. Wanasema tu, «Kichwa,» au «Mgongo,» au «Nina mawazo mengi.»

Wengine wanauliza, Je, si uchawi? La. Ni ugonjwa unaojulikana katika nchi zote za dunia, kwa weusi na weupe, kwa matajiri na maskini.

Na wengine kanisani wanauliza, Je, si dhambi? Mkumbuke nabii Eliya. Baada ya kazi kubwa alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Hakupewa hotuba ya kumlaumu. Alilala usingizi, akapewa chakula na maji, akalala tena, akala tena. Na baada ya hayo ndipo aliposemeshwa na kupewa mwenzi wa kazi, ndiye Elisha. Basi tusiwe wepesi kumhukumu mtu aliyelemewa.

KWA NINI WAKATI WA BARIDI?

Katika nchi za kaskazini jambo hili limechunguzwa sana. Ndugu zetu waliokwenda kukaa Ubelgiji watawaambia kwamba huko Brussels, katika mwezi wa kumi na mbili, mchana ni wa saa 8 tu, na mara nyingi jua halionekani kwa sababu ya mawingu. Katika mwezi wa sita mchana wa huko unapita saa 16. Katika mwaka 1984 munganga mmoja wa Marekani, jina lake Norman Rosenthal, aliyezaliwa Afrika Kusini, alieleza pamoja na wenzake habari ya watu ambao kila mwaka, giza la baridi likija, wanashikwa na huzuni, wanalala mno, wanakula mno, na majira ya joto yakirudi wanapona wenyewe. Tangu hapo waganga wa huko wanawapa wengi wao dawa ya ajabu kidogo, yaani mwanga. Mgonjwa anakaa asubuhi mbele ya taa yenye nguvu, muda wa nusu saa, kila siku.

Je, na sisi tunakosa mwanga? Hapana. Lubudi iko karibu nyuzi 10 tu kusini mwa ikweta. Katika siku fupi ya mwaka, mwezi wa sita, mchana wetu unapungukiwa na saa moja na kidogo tu kuliko siku ndefu ya mwezi wa kumi na mbili. Tena miezi ya baridi kwetu ndiyo miezi isiyo na mawingu. Jua letu halituachi.

Sisi ndio tunaoliacha jua. Angalia yule mama. Baridi imemfungia ndani. Ndani hakuna mwanga. Ndani hatembei. Ndani haoni watu. Mavuno yamekwisha, na kazi iliyomtoa nje kila siku imekwisha pia. Usiku ni mrefu, na mawazo yanapata nafasi. Huzuni inamwambia akae ndani, na kule kukaa ndani kunaongeza huzuni. Ni kama mtu anayezunguka mti: kila mzunguko unamrudisha palepale. Lazima pawe mahali pa kukata mzunguko huu. Mahali pepesi kuliko pote ni mlangoni.

MAMBO SABA YA KUFANYA

1. Toka nje asubuhi.
Jua likisha kupanda na baridi ikianza kupungua, toka ukae au utembee nje angalau nusu saa. Mwanga wa asubuhi unaingia machoni na kuamsha saa iliyo ndani ya kichwa, ile inayopanga usingizi na kuamka. Wenye elimu wanapima mwanga kwa kipimo kinachoitwa luksi. Ile taa ya wagonjwa wa Ulaya inatoa luksi 10,000. Mwanga wa jua letu la mchana waweza kufika luksi 100,000. Lakini katika chumba chenye dirisha dogo mara nyingi hazifiki hata mia chache. Basi dawa ambayo wengine wanainunua kwa fedha, wewe unayo uani kwako. Lakini angalia: usilitazame jua lenyewe, litaharibu macho. Kukaa nje tu kunatosha.

2. Fanya kazi ndogo kila siku.
Usingoje mpaka usikie nguvu. Mtu mwenye moyo mzito akingoja nguvu, atangoja siku nyingi. Anza na kazi, na nguvu zitafuata pole pole. Chagua jambo moja dogo: kufagia uani, kuchota ndoo moja ya maji, kufua nguo mbili. Kesho ongeza kidogo. Wakati wa kiangazi ni wakati wa bustani ya kumwagilia, karibu na kijito. Tuta moja la lengalenga au la vitunguu linamtoa mtu nje kila asubuhi na kila jioni, linamtembeza, linampa mboga, na kumwonyesha kwamba mikono yake bado inafaa. Kutembea kwa haraka nusu saa, siku nyingi za juma, ni dawa nzuri pia kwa mzee na kwa kijana.

3. Usikae peke yako.
Tafuta mtu mmoja unayemwamini umwambie mambo yako, kama ni dada, rafiki, au mama mzee wa kanisa. Katika mji wa Harare, nchi ya Zimbabwe, Munganga Dixon Chibanda alianza kazi mwaka 2006 pamoja na bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Hao si waganga. Walifundishwa kukaa katika benchi karibu na dispanseri, kumsikiliza mtu mwenye mawazo mengi, na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kushughulikia kwanza. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 watu waliokaa na bibi hao walikuwa na huzuni kidogo kuliko wale waliopata matunzo ya kawaida tu. Na katika Uganda, sehemu za Masaka na Rakai, vijiji 30 viliingia katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003. Katika vijiji vilivyochaguliwa watu wenye huzuni walikutana mara moja kila juma, muda wa majuma 16, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, wakisemezana juu ya kufiwa, magomvi na upweke. Huzuni yao ilipungua sana. Je, sisi tunashindwa nini? Benchi tunalo, na bibi tunao.

4. Lala na kuamka kwa wakati ule ule.
Usiingie kitandani jua likitua tu kwa sababu ya baridi, kwa maana utaamka usiku wa manane na kulala macho. Saa 7 au 8 za usingizi zinamtosha mtu mzima. Amka kila siku wakati mmoja, hata kama umelala vibaya. Mchana usilale zaidi ya nusu saa. Tena acha simu mbali na kitanda. Habari zake hazina mwisho.

5. Kula vizuri, hata kidogo kidogo.
Bukari peke yake haitoshi. Mwili unahitaji maharagi, karanga, mayai, samaki wa Upemba, sombe, lengalenga, na matunda. Usiache kunywa maji kwa sababu ya baridi. Asubuhi kunywa uji wa moto, na jioni ule pamoja na wengine katika sahani moja.

6. Jihadhari na pombe.
Wengi wanasema, «Ninakunywa lutuku kidogo ili nipate joto na kusahau.» Joto hilo ni la uongo. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, na joto la mwili linatoka nje. Usingizi wake unakatika katikati ya usiku. Na kesho yake huzuni inarudi kubwa kuliko jana, na fedha ya chakula haipo. Munkoyo mtamu usiochachuka sana ni bora.

7. Mbabula isilale chumbani.
Sikieni neno hili vizuri, maana ni la uzima na mauti. Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anayeivuta anapata maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kutapika, na akiwa amelala aweza kufa bila kuamka. Jamaa nzima yaweza kufa katika usiku mmoja. Pasha chumba joto mapema na dirisha likiwa wazi, kisha toa mbabula nje kabla ya kulala. Tumia blanketi mbili, vaa soksi, na watoto walale pamoja. Kama kichwa kinauma kila asubuhi katika nyumba yenye mbabula, si mawazo tu. Yawezekana ni sumu hiyo.

HABARI YA DAWA ZA MAJANI

Sokoni watu wanauza mizizi na majani mengi na kusema, «Hii ni ya asili, haina madhara.» Neno hilo si kweli siku zote. Ulaya kuna mmea wenye maua ya njano, unaoitwa hiperiko, ambao watu wanautumia kwa huzuni. Uchunguzi umeonyesha kwamba waweza kusaidia huzuni isiyo kubwa. Lakini mmea huo huo unapunguza nguvu ya dawa za UKIMWI, ya vidonge vya kupanga uzazi, na ya dawa nyingine nyingi. Mtu anajisikia vema, kumbe dawa yake ya lazima imekuwa kama maji. Basi, kitu cha asili chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kudhuru pia. Kabla ya kunywa majani yo yote, mwambie muuguzi. Na kama munganga amekwisha kukupa vidonge vya ugonjwa wa huzuni, usiviache kwa sababu umesoma kitabu hiki. Jua, kazi na marafiki vinakwenda pamoja na vidonge, havigombani.

WAKATI WA KUJA HOSPITALINI

Njoo hospitalini, au mlete ndugu yako, ukiona mambo haya:

Huzuni imepita majuma mawili na kazi za kila siku zimemshinda.

Mama aliyejifungua analia kila siku, au hataki kumshika mtoto wake. Usiseme ni mama mbaya. Ni mgonjwa, na anapona.

Mtu hali, hanywi, au anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii.

Mtu anasema, «Ingekuwa heri nife,» au anagawa vitu vyake kama mtu anayeaga. Hapo usingoje hata siku moja. Usimwache peke yake. Ondoa mbali naye kamba, visu, dawa za wadudu na vidonge vingi. Mwulize wazi wazi, kwa upole: «Ndugu, unafikiri kujiua?» Wengine wanaogopa kwamba swali hili litamtia wazo hilo. Sivyo. Mara nyingi linamtua mzigo, kwa kuwa amepata mtu wa kumsikia. Kisha mlete siku ile ile.

Usimfunge kamba, usimpige, wala usimfungie ndani. Maombi ni mema, lakini yasimzuie kufika kwa munganga.

KAZI YA JIRANI

Mwenye moyo mzito hatakuja kukuita. Kwa hiyo, ukiona mlango wa jirani unafungwa mchana kutwa katika miezi hii, bisha hodi. Usimwambie, «Jikaze,» maana amekwisha kujikaza mpaka amechoka. Mwambie, «Mama, njoo tukae juani, tuchambue maharagi pamoja.» Maneno mengi hayana lazima. Kama kiti chake kanisani ni kitupu majuma mawili, watu wawili wamwendee, si kumwuliza kwa nini hakuja, ila kumsalimu.

TURUDI KWA YULE MAMA

Muuguzi alimwagiza mambo matatu tu, kwa sababu mambo saba yangemlemea. Kwanza, mbabula itoke nje kila usiku. Pili, kila asubuhi akae juani pamoja na jirani yake. Tatu, alime tuta moja la mboga. Tena alimwambia arudi baada ya siku 14.

Aliporudi hakusema kwamba amepona kabisa. Alisema kwamba kichwa kiliacha kuuma tangu mbabula ilipotoka. Siku nyingi sasa analala mpaka asubuhi. Lengalenga imeanza kuota. Kulikuwa na siku mbili mbaya, akabaki ndani, na jirani akaja kumtoa. Muuguzi alimwambia, «Mama, hivyo ndivyo uponyaji unavyokwenda. Endelea, na urudi tena mwezi ujao.»

MASWALI YA KUJIKUMBUSHA
(Someni pamoja katika nyumba au katika kikundi.)

1. Huzuni ya kawaida na ugonjwa wa huzuni vinapitana kwa nini?
2. Kwa nini miezi ya baridi inaweza kuleta moyo mzito hapa kwetu, hali jua liko?
3. Mbabula katika chumba kilichofungwa inaleta hatari gani?
4. Utafanya nini ukisikia mtu anasema kwamba anataka kufa?
5. Katika mtaa wako, mlango wa nani umefungwa siku nyingi? Nani atakwenda kubisha hodi kesho asubuhi?